Feruzi, Maji ya Bahari au Kijani? Rangi Moja na Majina Yake

Utangulizi

Makala haya yanahusu rangi moja tu: ile hafifu iliyo katikati ya buluu na kijani. Utaiona kwenye kuta za wodi nyingi, kwenye mavazi ya madaktari wa upasuaji, kwenye sare za baadhi ya shule na kwenye vitenge vinavyouzwa sokoni Mpondwe. Ni rangi ya kawaida kabisa. Lakini mwombe mwalimu wa Kiswahili aitaje kwa neno moja, utaona anasita. Mmoja atasema kijani, mwenzake buluu, wa tatu samawati, na wa nne atakimbilia Kiingereza.

Lengo la makala ni kueleza jinsi Kiswahili kinavyoitaja rangi hii, ilikotoka, maana ilizobeba na sababu za kuipendelea katika majengo, vyombo na nguo. Mwishoni yametolewa mapendekezo machache kwa walimu na wanafunzi wanaojiandaa kwenda kufundisha.

Kosa langu

Nianze na ungamo. Kabla ya kujiunga na chuo nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari. Katika jaribio la kidato cha pili niliweka swali nililoliona jepesi: "Ukuta wa zahanati ya shule una rangi gani?" Mwongozo wangu wa kusahihisha ulikuwa na jibu moja tu, "kijani". Wengi waliandika hivyo, wachache wakaandika buluu. Kijana mmoja, mtoto wa wakulima wa kahawa kutoka milimani upande wa Bwera, aliandika: "Ukuta una rangi ya dawa ya kahawa."

Nilicheka, nikampigia alama ya kosa, nikampa sifuri.

Baada ya kipindi alinifuata, daftari mkononi. "Samahani, Mwalimu. Jani gani lina rangi ile?"

Nilimwambia akae, kamusi ndiyo inayosema. Ukweli ni kwamba sikuwa nimefungua kamusi yoyote. Alirudi kwenye dawati lake, na kwa muda wote uliobaki wa muhula ule sikuuona tena mkono wake ukinyooshwa. Miaka imepita, lakini swali lake bado ninalo. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Kiswahili hutajaje rangi?

Majina ya rangi katika Kiswahili yanaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni vivumishi halisi vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivi hupokea viambishi vya upatanisho wa ngeli: ukuta mweupe, kuta nyeupe, kitambaa chekundu, maua mekundu, nguo nyeusi.

Kundi la pili ni majina ya vitu yaliyogeuzwa kuwa majina ya rangi. Kijani ni rangi ya jani, kijivu ni ya jivu, kahawia ni ya kahawa, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau na chungwa ni matunda, waridi ni ua. Samawati nayo ina asili ya Kiarabu, kutoka neno lenye maana ya mbingu. Haya hayapokei viambishi vya upatanisho moja kwa moja. Huunganishwa kwa kihusishi -a. Tunasema kitambaa cha kijani, kuta za kijivu, shati la rangi ya kahawia. Humo pia yamo maneno ya mkopo kama buluu, hudhurungi, urujuani na nili.

Kundi la tatu ni virai. Damu ya mzee ni nyekundu iliyokoza ikakaribia weusi. Maji ya kunde ni rangi ya ngozi ya mtu asiye mweusi sana wala mweupe sana. Kundi hili husahauliwa na vitabu vingi vya kiada, ingawa ndilo lililo hai kuliko yote. Msemaji anaweza kuunda kirai kipya leo asubuhi na mwenzake akamwelewa papo hapo, mradi wote wawili wanakijua kitu kinachotajwa.

Sasa turudi kwa yule kijana. Alifanya nini? Alichukua kitu anachokijua, akaunganisha kwa -a, akapata jina la rangi. Huo ndio utaratibu uleule uliotupatia kahawia na kijivu. Kisarufi hakukosea hata kidogo.

Je, ni upungufu wa lugha?

Baadhi ya wanafunzi hudhani kwamba kukosekana kwa jina moja la rangi hii ni dalili ya umaskini wa Kiswahili. Si kweli. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha uchunguzi wao kuhusu majina ya msingi ya rangi. Waliwaonyesha wasemaji wa lugha 20 vibao vya rangi mbalimbali, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha hizo. Walidai kwamba majina ya msingi hayazidi 11, na kwamba lugha huyapata kwa utaratibu fulani: kwanza nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, kisha kijani na manjano, ndipo buluu. Madai yao yamepingwa na kurekebishwa mara nyingi, lakini jambo moja linatuhusu hapa: buluu-kijani hafifu haimo katika yale 11. Kiingereza chenyewe hakina jina la msingi la rangi hii. Kilikopa jina la jiwe.

Lugha nyingine hazioni mpaka pale tunapouweka sisi. Neno la Kichina qing laweza kuwa kijani au buluu kulingana na kinachozungumziwa. Kivietinamu kina neno xanh kwa zote mbili, na msemaji huongeza "ya jani" au "ya mbingu" anapotaka kutofautisha. Wajapani huiita taa ya barabarani ya kuruhusu magari kwa neno ao, ambalo kwa kawaida hutafsiriwa buluu, ijapokuwa taa yenyewe ni ya kijani. Mwaka 1973 serikali yao iliagiza taa hizo zitumie kijani kinachoelekea buluu, ili jina na kitu visigombane sana.

Kwa kipimo cha mwanga, rangi tunayoizungumzia iko karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 490 hadi 500. Hapo hakuna uzio. Uzio huwekwa na lugha.

Feruzi: jiwe lililokuwa jina

Hata hivyo Kiswahili kina neno, nalo ni la zamani: feruzi. Ni jina la kito cha rangi ya buluu-kijani, na kwa hiyo la rangi yenyewe. Asili yake ni Kiajemi, likapitia Kiarabu hadi kutufikia. Kito hicho kilisifika hasa kutoka machimbo ya Nishapuri, nchini Iran. Wazungu walikipata kupitia Uturuki, ndiyo maana wakakiita jiwe la Kituruki. Kila lugha ililiita jiwe kwa njia lililopitia kufika sokoni kwake.

Feruzi pia ni jina la mtu. Wako wanaume wanaoitwa Feruzi katika Afrika Mashariki, na mwimbaji mashuhuri wa Lebanoni alijulikana kwa jina la kisanii la Fairuz, lenye maana hiyohiyo. Katika nchi nyingi za Waislamu na nje yake, watu walilivaa jiwe hili wakiamini kwamba humkinga mtu na jicho baya. Vigae vya rangi yake vilipamba misikiti na makuba ya Uajemi na Asia ya Kati, vikiunganisha jengo na anga lililo juu yake.

Tusilichanganye neno hili na mawili yaliyo jirani nalo. Zumaridi ni kijani cha kito kingine, kilichokoza. Samawati ni buluu ya anga. Mwanafunzi wa Bwera anaweza kuiona samawati kwenye bendera ya Congo upande wa pili wa mpaka wa Mpondwe, ile iliyoanza kutumika mwaka 2006. Ukiweka kitambaa cha feruzi kando ya bendera hiyo, utaona feruzi imeingiwa na ukijani.

Shaba, mzazi wa rangi hii

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba rangi hii, tunayoiona kama ya mbali, ina mizizi katika ardhi yetu ya Kasese. Feruzi ni madini yenye shaba ndani yake, na ni shaba inayoipa ubuluu wake.

Sisi ni watu wa shaba. Uchimbaji mkubwa ulianza Kilembe mwaka 1956, na reli ikafika Kasese mwaka huohuo ili shaba isafirishwe hadi Jinja kuyeyushwa. Kazi hiyo ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tangu mwaka 1999, kwa miaka kadhaa, mabaki ya machimbo yalichakatwa mjini Kasese ili kupata kobalti, ambayo nayo ni mzazi wa buluu nzito inayotumiwa katika kauri na vioo. Mji mmoja, basi, umetoa malighafi ya rangi zote mbili zinazokutana katika makala haya.

Shaba safi ni nyekundu-kahawia. Ikikaa muda mrefu kwenye hewa na unyevu hufanya kutu, na kutu ya shaba ni ya kijani-buluu hafifu. Mfano maarufu ni Sanamu ya Uhuru ya New York. Ilipozinduliwa mwaka 1886 ilikuwa na rangi ya shaba ya kahawia, kwa kuwa imefunikwa kwa mabati ya shaba yenye unene wa milimita 2.4 hivi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa imekwisha kugeuka kuwa kama tunavyoijua. Kutu hiyo haikuila sanamu. Ilifanya ngozi nyembamba inayoikinga shaba iliyo chini yake. Ndiyo maana wasanifu majengo huezeka paa kwa shaba wakijua litabadilika rangi, na hulipendea hilohilo.

Mwanashaba mwingine ni mrututu, zile chembe za buluu ambazo wazee walizitumia kutibu vidonda. Mwaka 1885, huko Bordeaux nchini Ufaransa, mtaalamu wa mimea Pierre Millardet alitangaza dawa ya kukinga mizabibu dhidi ya ukungu. Ilikuwa mchanganyiko wa mrututu, chokaa na maji. Dawa hiyo, pamoja na nyingine za jamii yake zenye shaba, ilisambaa hadi kwenye mashamba ya nyanya na ya kahawa duniani kote. Ikikauka huacha juu ya majani utando wa buluu-kijani hafifu.

Hiyo ndiyo "rangi ya dawa ya kahawa". Kijana wangu alikuwa ameona kila siku nyumbani kwao kile ambacho mafundi wa Uajemi walikitafuta kwa moto: shaba ikitoa feruzi. Nilimpa sifuri.

Bakuli za pwani

Rangi hii ilifika katika nchi za Waswahili zamani sana. Wanaakiolojia wamechimbua Shanga, Manda na Unguja Ukuu vipande vya mitungi yenye mng'ao wa buluu-kijani, iliyoletwa kutoka nchi za Ghuba ya Uajemi kati ya karne ya 8 na ya 10. Mng'ao huo ulitokana na shaba iliyochanganywa katika kioo cha kupaka juu ya udongo. Wakati huo lugha ya Kiswahili yenyewe ilikuwa bado changa.

Baadaye zilikuja kauri za Kichina zinazoitwa seladoni, hasa kutoka matanuri ya Longquan katika jimbo la Zhejiang. Rangi ya seladoni ni kijani hafifu kinachoelekea buluu, kama maji yenye kina. Lakini hapa fundi hakutumia shaba. Alitumia chuma kidogo sana, akachoma chombo kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,200 za Selsiasi huku akibana hewa ndani ya tanuri. Hewa ikizidi, chuma hutoa rangi ya manjano au kahawia. Ikibanwa, hutoa kijani. Kwa hiyo rangi ile ilikuwa ushahidi wa ustadi, na bei yake ilikuwa hivyohivyo. Wachina waliifananisha na jade, jiwe walilolithamini kupita mengine. Katika nchi kadhaa palienea imani kwamba sahani ya seladoni hubadilika rangi au kupasuka ikitiwa chakula chenye sumu, imani iliyoongeza hamu ya wafalme kuinunua.

Jina seladoni lenyewe si la Kichina. Inaelezwa kwamba Wafaransa walilitoa kwa Céladon, mchungaji katika riwaya ya Honoré d'Urfé ya karne ya 17, aliyehusishwa na utepe wa kijani hafifu.

Vipande vya seladoni vimepatikana Kilwa na Gedi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na Gedi mwaka 2024. Waswahili hawakuzitumia bakuli za kigeni kwa kulia tu. Walizipachika kwenye nguzo za makaburi, kama inavyoonekana Mambrui na Kunduchi, na katika nyumba za mawe za Lamu walizipanga ndani ya zidaka, vile vishubaka vya chokaa ukutani. Hebu fikiria chumba chenye madirisha machache na kuta za chokaa nyeupe, na katika kila kidaka chombo chenye rangi ya maji. Huo ni ubunifu wa ndani ya nyumba, na ni wetu.

Maji ya Nile

Wakati wa karne ya 19 wanamitindo wa Ulaya waliipenda rangi moja ya kijani hafifu wakaipa jina la Kifaransa lenye maana ya "maji ya Nile". Ilitumika katika magauni ya hariri, na baadaye kwenye kuta.

Tazama muundo wa jina hilo: maji ya kitu fulani. Ni muundo uleule wa maji ya kunde, na uleule wa "maji ya bahari", kirai ambacho Waswahili wengi hukitumia hadi leo kwa rangi hii. Tena maji ya Nile ni yetu kwa haki. Mto Nyamwamba unaotoka Rwenzori na kupita Kilembe huingia Ziwa George. Maji hayo hupita Mlango wa Kazinga hadi Ziwa Edward, hufuata Mto Semliki hadi Ziwa Albert, na kutoka hapo ni Nile. Mbunifu wa Paris aliita hariri yake kwa jina la maji yanayopita karibu na madarasa yetu.

Kwa nini wabunifu huipenda?

Sababu ya kwanza ni jicho. Hospitali za zamani zilipenda nyeupe kwa ajili ya usafi. Lakini daktari anayetazama damu kwa muda mrefu kisha akainua macho kwenye ukuta mweupe huona madoa ya kijani-buluu yakielea mbele yake. Sehemu za jicho zinazopokea nyekundu zimechoka, na zilizobaki ndizo zinazofanya kazi. Mwaka 1914 daktari wa upasuaji Harry Sherman wa San Francisco alianza kutumia kijani katika chumba chake cha upasuaji. Juu ya ukuta au kitambaa cha kijani-buluu madoa hayo hayasumbui, na jicho huiona nyekundu vizuri zaidi. Desturi hiyo ikaenea.

Sababu ya pili ni mwanga. Rangi hafifu hurudisha mwanga mwingi bila ukali wa nyeupe. Katika nchi ya jua kama Kasese, ukuta wa feruzi hafifu hauchomi macho, na mtu huhisi chumba kimepoa. Namna ya kuhisi hivyo hutokana na mazoea pia, kwa kuwa rangi za maji hutukumbusha maji.

Sababu ya tatu ni ujirani wa rangi. Feruzi iko mkabala na nyekundu ya matofali na kahawia ya udongo. Ndiyo maana mlango wa feruzi kwenye nyumba ya matofali hupendeza, na kitenge chenye rangi hizo mbili huonekana toka mbali.

Kwa wanaopanga kurasa za jarida letu kwenye kompyuta, rangi hii hupatikana kwa kuwasha kijani na buluu kwa karibu kiwango sawa, na kuongeza nyekundu ili ipauke. Katika kipimo cha 0 hadi 255, jaribu nyekundu 170, kijani 220, buluu 210. Isitumike kwa herufi juu ya karatasi nyeupe, kwani haisomeki.

Mapendekezo kwa walimu

Tangu mwaka 2020 Kiswahili ni somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari nchini Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe na kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Wanafunzi wengi zaidi watakutana na swali la rangi. Kwa hiyo:

1. Mwongozo wa kusahihisha usiwe na jibu moja pale ambapo lugha ina mengi. Kwa rangi hii tukubali feruzi, maji ya bahari, buluu-kijani, na kijani hafifu.

2. Tufundishe maneno ya kiwango. "Iliyokoza" ni nzito. "Hafifu" ni nyepesi tangu mwanzo. "Iliyopauka" au "iliyofifia" ilikuwa nzito ikapunguzwa na jua au kufuliwa. Ukimwambia mtu gauni lake jipya la feruzi limepauka, hukumsifu. Tuonyeshe pia kurudufu: kijanikijani ni kitu kinachoelekea kijani, si kijani chenyewe.

3. Tufanye jaribio la jicho darasani. Wanafunzi wakodolee karatasi nyekundu kwa nusu dakika, kisha watazame karatasi nyeupe, na kila mmoja aeleze kwa Kiswahili anachokiona. Watatafuta maneno bila kulazimishwa.

4. Tuwatume sokoni. Mafundi cherehani na wauza vitenge wa Bwera, Hima na Kasese wana majina yao ya rangi, na kila siku wanasikia Kiswahili cha Congo. Yakusanywe, yaandikwe pamoja na kitu kinachotajwa, kisha yalinganishwe na kamusi.

5. Mwanafunzi akileta kirai kipya, tumuulize kwanza: "Kitu hicho kikoje?" Alama ya kosa ingoje.

Hitimisho

Rangi ya buluu-kijani hafifu haina jina moja katika Kiswahili, na haihitaji kuwa nalo. Ina feruzi kwa anayependa neno la kamusi, maji ya bahari kwa anayejua pwani, na hapa kwetu, chini ya Rwenzori, ina shaba na dawa ya kahawa. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mwanafunzi jinsi majina hayo yanavyoundwa, kisha kumwacha aunde.

Swali lilikuwa: jani gani lina rangi ile? Jibu ni kwamba jani la mkahawa linayo, siku ile baba yake alipotoka kulinyunyizia dawa. Alistahili alama zote.